Usiku wa Nani? Maoni Yangu Kuhusu Ule Ujumbe wa "Maboresho ya Mfumo"

Ule ujumbe unaoingia kwa simu yako ukisema "Mteja mpendwa, tutakuwa na maboresho ya mfumo usiku wa leo", kuna uwezekano ni mimi nimeuandika. Hiyo ndiyo kazi yangu hapa. Nilisomea masoko chuo kikuu, si kompyuta. Mainjinia wanajenga, sisi tunaeleza. Najua pia watu wengi huufuta kabla ya kuumaliza. Sikulaumu, maana kabla nianze kazi hii hata mimi nilikuwa naufuta.

Majuzi nilikaa kwenye kikao cha kupanga jambo kubwa: kuhamisha programu inayotunza rekodi za miamala kutoka toleo la zamani hadi toleo kuu jipya. Nilikuwa pale kuandika ujumbe wa wateja tu. Ilipofika kuchagua saa, mtu akasema tufunge huduma saa nane usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, "kwa sababu saa hizo hakuna watu." Wengine wakaitikia. Mimi nikamkumbuka shangazi yangu.

Shangazi anauza mboga Kayole. Saa tisa usiku, wakati wewe na mimi tumelala, yeye yuko Marikiti akingoja malori ya nyanya na kabeji yashushe mzigo. Hapendi kulipa kwa noti, kwa sababu kutembea na pesa katikati ya jiji saa hizo ni kujitafutia shida. Kuna alfajiri moja alichagua kreti mbili za nyanya, akatuma pesa, pesa ikakwama. Kwake imetoka, kwa muuzaji haijaingia. Huduma aliyokuwa akitumia, ambayo sitaitaja, ilikuwa kwenye "maboresho". Muuzaji alimngojea kidogo, kisha akamuuzia mtu mwingine aliyekuwa na noti mkononi. Pesa ya shangazi ilirudi saa sita mchana. Nyanya hazikurudi. Siku hiyo alifungua kibanda na sukuma za mkopo, na wateja wake wakavuka barabara wakanunua nyanya kwa jirani.

Hakuna aliyeibiwa. Hakuna shilingi iliyopotea. Sitashangaa kama ripoti ya kampuni ile ilisema kazi ya usiku ule ilifaulu.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya: kampuni ya malipo isiyohamia matoleo mapya inakuweka hatarini, na kampuni inayohama bila kuuliza ni usiku wa nani inakuumiza. Mambo yote mawili ni kweli, na moja halifuti lingine.

Kwani ni lazima kuhama?

Hili ndilo swali shangazi aliniuliza. "Kama inafanya kazi, si muiache?" Ni swali la haki.

Programu nyingi zinazoendesha seva duniani ni programu huria. Maana yake, msimbo wake uko wazi, na mtu yeyote anaweza kuusoma, kuutumia na kuurekebisha bila kulipia leseni. Linux ni huria. PostgreSQL, programu ya kutunza data ambayo mizizi yake ni mradi ulioanza Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986, nayo ni huria. Sitakwambia sisi tunatumia ipi, maana mambo ya usalama hayatangazwi. Nitachukua PostgreSQL kama mfano kwa sababu ratiba yake iko wazi kwa kila mtu.

Karibu kila mwaka hutoka toleo kuu jipya. Kila toleo kuu hutunzwa kwa miaka 5. Katika miaka hiyo, angalau kila miezi mitatu hutoka marekebisho madogo ya kuziba mianya ya usalama na kuondoa hitilafu. Miaka 5 ikiisha, basi. Toleo la 13 lilitoka Septemba 2020, na utunzaji wake ukaisha Novemba 2025. Toleo la 14 lilitoka Septemba 2021, na zamu yake ni Novemba 2026. Tarehe hizi zinajulikana miaka mapema, kwa hivyo hakuna kampuni inayoweza kusema imeshtukizwa.

Tatizo ni kwamba toleo lililozeeka halizimiki. Siku inayofuata tarehe ya mwisho, kila kitu kinaendelea kama jana. Pesa inatumwa, risiti inaingia, hakuna anayelalamika. Ila mwanya mpya ukigunduliwa, hakuna tena wa kuuziba kwa ajili ya toleo lako, na wezi wa mtandaoni wanausoma mwanya huohuo pamoja na wewe.

Kama unadhani natia chumvi, angalia yaliyoipata Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu. Machi 2017 watunzaji wa Apache Struts, programu huria ya seva, walitangaza mwanya mkubwa na wakatoa kiraka siku hiyohiyo. Equifax haikukiweka kwenye mfumo wake mmoja. Mwezi Mei wezi wakaingia kupitia hapohapo, na hadi kampuni inagundua mwishoni mwa Julai, taarifa za watu wapatao milioni 147 zilikuwa zimechukuliwa. Kiraka kilikuwepo, tena bila malipo. Hicho kilikuwa kiraka kidogo tu. Ukishakaa kwenye toleo lililoisha muda, hata hicho kiraka hakitoki.

Ndiyo maana nasema programu huria ni ya bure kuichukua, lakini kuitunza si bure. Hakuna muuzaji wa kukupigia simu kukukumbusha. Ni wewe mwenyewe uweke tarehe kwenye kalenda, uwape watu muda, na utenge bajeti. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu ukuta ukianguka unawaangukia wateja kwanza.

Si kama kubonyeza "sasisha" kwa simu

Kwa simu yako, toleo jipya ni kubonyeza mara moja na kungoja dakika chache. Marekebisho madogo ya seva yanakaribia hivyo: unasimamisha programu, unaweka mpya, unaiwasha. Toleo kuu ni mambo mengine. Mpangilio wa ndani wa kuhifadhi data unaweza kuwa umebadilika, kwa hivyo programu mpya haiwezi kufungua tu data ya zamani ikaendelea.

Injinia mmoja alinieleza kwa mfano wa daftari la madeni. Tuseme shangazi ana daftari limejaa, na amenunua jipya ambalo mistari yake imepangwa tofauti. Ana njia tatu.

Ya kwanza ni kufunga kibanda na kunakili kila kitu, mstari kwa mstari. Ni njia ya kuaminika, lakini daftari likiwa kubwa kibanda kitafungwa muda mrefu.

Ya pili ni kutumia kurasa zilezile za zamani, na kuandika upya zile sehemu za mwanzo tu zinazoeleza kila kitu kiko wapi. Ni haraka sana. Ila ukishaanza kuandika kwenye kurasa hizo kwa mtindo mpya, huwezi kurudi kwenye daftari la zamani hivihivi. Itabidi utafute nakala ya akiba.

Ya tatu ni kuajiri karani wa pili. Wa kwanza anaendelea na daftari la zamani, wa pili ananakili yaliyopita na kufuata kila kinachoandikwa sasa. Wakilingana, unachagua saa moja, wateja wanahamia kwa karani wa pili. Kibanda kinafungwa kwa muda mfupi tu. Lakini njia hii inahitaji seva zaidi, watu zaidi, na wiki nyingi za maandalizi.

Sasa ona: njia ambayo kampuni inachagua ndiyo inaamua shangazi atafungiwa saa ngapi. Huo si uamuzi wa mainjinia peke yao. Kampuni ikisema njia ya tatu ni ghali, inafaa ijiulize pia: ghali kuliko nyanya za nani?

Mahali mipango huvunjika

Nilidhani kupanga ni kuchagua tarehe. Kumbe tarehe ndiyo ya mwisho. Kwanza ni mazoezi. Unachukua nakala ya mfumo, unaihamisha kwenye seva za majaribio, unahesabu dakika, unarudia. Mazoezi ndiyo yanakwambia kama kazi ni ya nusu saa au ya saa sita. Asiyefanya mazoezi anakisia, na ule ujumbe wangu wa SMS utakuwa na saa za kukisia.

Kuna mitego mitatu iliyonifungua macho, na yote imeelezwa wazi na wanaotunza programu yenyewe.

Wa kwanza ni kasi. PostgreSQL hujiwekea muhtasari wa data iliyonayo ili ijue njia ya haraka ya kutafuta. Ukihama kwa njia ya pili, kwa miaka mingi muhtasari huo ulikuwa hauhami. Ni toleo la 18, lililotoka Septemba 2025, lililoanza kuuhamisha. Ukisahau kuuandaa upya, mfumo unawaka vizuri lakini unatambaa kama Thika Road jioni. Mteja anaona inazunguka tu, anatuma mara ya pili, na sasa amelipa mara mbili.

Wa pili ni namba za mfululizo, zile zinazotambulisha kila rekodi. Kwa njia ya karani wa pili, rekodi zinahamia lakini ile hesabu ya "namba inayofuata ni ngapi" haikuwa ikihama, hata katika toleo la 18. Usipoisogeza mwenyewe, seva mpya inaweza kuanza kutoa namba ambazo tayari zilitumika, na malipo mapya yakakataliwa.

Wa tatu uko chini kabisa. Mwaka 2018 maktaba moja ya msingi ya Linux ilibadilisha sheria za kupanga maneno kwa alfabeti. Programu ya data ikihamia kwenye Linux mpya na orodha zake zilizopangwa kwa sheria za zamani, inaweza kutafuta rekodi isiione, na ilhali iko palepale. Dawa ni kujenga orodha upya. Lakini hebu fikiria mteja anaambiwa "akaunti haipo" na mshahara wake umo ndani.

Ndiyo maana mpango mzuri una kitu kinaitwa saa ya kuamua. Yaani kabla ya kuanza, mnaandika: ikifika saa fulani na jumla ya pesa kwenye seva mpya hailingani na ya zamani hadi senti, tunarudi nyuma. Hakuna mjadala, hakuna "tupeni dakika kumi tena". Mteja wa kwanza akishalipa kwenye seva mpya, kurudi nyuma kunageuka kitendawili: ile pesa aliyolipa utaiweka wapi? Kwa hivyo ukaguzi unafanywa milango ikiwa bado imefungwa.

Benki ya TSB ya Uingereza ilijifunza hili kwa gharama. Aprili 2018 ilihamisha wateja wake kwenye mfumo mpya. Ulikuwa uhamisho mkubwa kuliko kubadilisha toleo la programu moja, lakini somo ni lilelile. Data ilihama salama, ila mfumo wenyewe ukasumbua mara moja. Hadi watu milioni 1.9 walifungiwa nje ya akaunti zao wakati fulani, na ilichukua hadi Desemba mwaka huo huduma kurudi sawa kabisa. Mwaka 2022 wasimamizi wa benki wa Uingereza waliitoza faini ya pauni milioni 48.65. Nikisoma kisa hicho, faini siyo inayonishtua. Nawafikiria watu waliokuwa dukani na kadi isiyofanya kazi, bila kujua shida itaisha lini.

Sasa, usiku wa nani?

Nirudi kwenye kikao. Nilipotaja Marikiti, mkuu wa mainjinia hakubisha. Alifungua mchoro wa miamala kwa kila saa. Kweli, usiku mstari unashuka. Lakini haufiki chini, na ukikaribia saa tisa unaanza kupanda tena. Wale ni watu wa Marikiti, makondakta wanaojaza mafuta kabla ya safari ya kwanza, wauguzi wanaotoka zamu, bodaboda. Pia wako Wakenya walioko Marekani: saa tisa usiku Nairobi ni jioni kwao New York, na ndipo mtu anatoka kazini na kutumia nyumbani pesa.

Ukweli ni kwamba hakuna saa isiyo na mtu. Ukifunga saa tano usiku unamkuta mwenye hoteli akifunga hesabu. Ukifunga saa tisa unamkuta shangazi. Kwa hivyo ninachodai si muujiza. Ninadai kampuni yoyote ya malipo, hata hii inayonilipa mshahara, ichague saa kwa kuangalia wateja wanaoumia zaidi, si kwa kuangalia idadi peke yake. Watu mia wanaonunua kifurushi cha intaneti saa nne usiku wanaweza kungoja. Mtu mmoja mbele ya lori la nyanya hawezi.

Ninadai pia iheshimu kalenda ya nyumbani kwetu. Usihamishe seva mwisho wa mwezi mishahara inapoingia. Usihamishe wiki ya kufungua shule, wazazi wakilipa karo. Usiguse kitu Desemba watu wakisafiri ushago.

Na ninadai ujumbe wenye maana. "Tunaboresha huduma ili kukuhudumia vyema" ni maneno matupu, na nakiri nimeyaandika mara nyingi. Ujumbe wa haki unasema mambo manne: huduma inafungwa saa ngapi, inafunguliwa saa ngapi, ni nini hakitafanya kazi, na pesa ikikwama itarudi vipi. Uje siku kadhaa mapema, uje tena siku yenyewe, na kazi ikichelewa uje mwingine unaosema hivyo. Sisi watu wa masoko tunaogopa kusema "tumechelewa". Mteja anaogopa zaidi kimya.

Kikao kilikubali jambo moja na kukataa lingine. Walikubali kusogeza kazi mapema, ili saa ya kuamua ipite na huduma irudi kabla malori hayajashusha. Walikataa pendekezo langu kwamba tusifunge kabisa. Walisema hesabu ya mwisho lazima ifanywe pesa ikiwa imetulia, kama mtu anavyofunga duka kidogo ahesabu stoki. Nililalamika, kisha nikaelewa. Afadhali kufunga kidogo kwa ukweli kuliko kubaki wazi kwa kubahatisha.

Wewe ufanye nini usiku huo

Upande wako una kazi ndogo, lakini ni muhimu:

- Soma saa kwenye ujumbe. Kama una malipo ya lazima wakati huo, yafanye mapema, au uwe na pesa taslimu kidogo pale ambapo ni salama.
- Muamala ukikwama, usitume mara ya pili. Angalia salio na taarifa ya akaunti kwanza. Kutuma tena ndiko kunaleta kulipa mara mbili.
- Hifadhi ujumbe wowote wenye namba ya muamala. Ndiyo ushahidi wako ukipiga simu kwa huduma kwa wateja.
- Kama wewe ni mwenye duka, usitoe bidhaa kwa kuonyeshwa simu ya mteja. Ngoja ujumbe uingie kwa simu yako.
- Mtu akikupigia akisema "tunahamia mfumo mpya, tupatie PIN yako tukuhamishe", kata simu. Kuhamisha seva hakuhitaji PIN ya mteja hata mmoja. Matapeli wanasoma zile SMS zetu kama wewe, na usiku wa maboresho ni wao wa kuvuna.

Na jambo la mwisho, ambalo pengine mwajiri wangu hatapenda sana: tuulize maswali. Ukipata ujumbe usio na saa ya kufungua, piga simu uulize. Ukiona huduma unayotumia, iwe yetu au ya mwingine, inapita mwaka mzima bila kukutangazia kazi yoyote ya mfumo, uliza pia. Huenda wana njia nzuri ya kuhama bila kufunga. Huenda pia hawajahama.

Nilimtumia shangazi rasimu ya ujumbe mpya kabla haujapitishwa. Alinijibu kwa sauti, akiwa njiani kwenda sokoni, magari yakipiga honi nyuma yake: "Hii nimeelewa, mwanangu. Lakini mkisema saa nane, iwe saa nane."